Kidonda Kilichongoja

Mimi hufundisha kuku. Nikisema hivyo watu hucheka, na mume wangu amewahi kuniuliza mbele ya wageni kama kuku wangu hufaulu mtihani. Ninachofundisha hasa ni ufugaji wa kuku, katika chuo kimoja huko Bukura, na nimeifanya kazi hiyo miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi wangu wa kwanza sasa wananiletea watoto wao. Nina mdomo, sikatai. Nimezoea kusema na watu wakaandika. Pengine ndiyo sababu nilichelewa kuliona nililomfanyia mama yangu, maana aliyezoea kusema hasikii haraka.

Kuna somo moja nililolipenda kuliko yote. Kila muhula nilikuwa nampasua kifaranga aliyekufa mbele ya darasa na kuwaonyesha kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la kinyesi. Humo ndimo wanamolelewa baadhi ya askari wa mwili wa kuku. Kifaranga aliyekua kwa utulivu, kifuko chake kimejaa kama punje ya njugu. Aliyesongamana na wenzake, akahamishwa banda hili na lile, akashtuliwa kila saa, kifuko chake hunywea mpaka unakitafuta kwa ncha ya kisu. Wanafunzi walikuwa wakisogea karibu, wengine wakiziba pua, nami nikiendelea kusema.

Halafu nilikuwa nawaeleza habari ya mwewe. Mwewe akipita juu, ubongo wa kuku hutuma habari kwenye tezi zilizo karibu na figo, nazo humwaga homoni ndani ya damu. Moyo unadunda, miguu inapata nguvu, na kila kazi inayoweza kungoja inangoja: kukua, kutaga, kupambana na vijidudu. Mwewe akienda zake, kuku hujikung'uta na kurudi kuchakura, na mwili unarudia kazi zake. Hapo hakuna hasara. Hasara ni mwewe asiyeondoka. Homoni ile ile iliyomwokoa kuku asubuhi, ikikaa kwenye damu wiki baada ya wiki, hulegeza askari wake mmoja mmoja. "Kwa hiyo," nilikuwa nasema huku nikigonga ubao, "usimhamishe kuku na kumchanja siku moja. Chanjo itaingia kwenye mwili ambao haupo nyumbani." Walikuwa wanaipenda sana sentensi hiyo, nami nilikuwa najipenda nikiisema.

Mama alikuwa akiishi peke yake Khwisero tangu baba alipofariki. Watoto tuko wawili tu. Kaka yangu yuko ng'ambo. Husema na mama kwa simu, na mama humjibu kwa sauti ya juu kana kwamba ng'ambo ni upande wa pili wa mto. Kwa hiyo mama alikuwa wangu. Nilikuwa nakwenda kumwona kila Jumapili ya pili ya mwezi, na nikiondoka nilikuwa nageuka nyuma mpaka ua wake unaisha. Nina miaka hamsini na mbili. Mtu wa umri huo hapaswi kumlilia mama yake njiani, lakini nilikuwa nalia, na nikifika barabara kuu najifuta na kuwa mwalimu tena.

Wakati wa palizi ya mahindi alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Kidonda hakikuwa kikubwa. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akaendelea kulima, kama ilivyo desturi ya wanawake wa huko ambao hufika hospitali wakiwa wamebebwa. Nilipokwenda wiki tatu baadaye nilikuta kimefunguka upana wa kiganja cha mtoto, kinatoa usaha, na mama anachechemea huku akijifanya hachechemei.

"Nakupeleka mjini," nilimwambia.

"Nikalale wapi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hampi mkono, hali chakula akimtazama, na akimwona anakuja njiani hupisha kando na kujifunika kitambaa. Mume wangu anamheshimu mama kupita kiasi, na heshima yenyewe ni kwamba hawajawahi kukaa chumba kimoja. Mama akija kututembelea kwetu mjini, Shieywe, alikuwa anaketi barazani, na mume wangu anaingilia mlango wa jikoni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku moja alijifungia bafuni saa nzima kwa sababu mama alikuwa ameingia sebuleni kunywa maji, na hakuna aliyejua namna ya kumtoa bila aibu.

Lakini nilikuwa nimeshafikiri. Milango mitatu kutoka kwetu palikuwa na ploti ya vyumba vya kupanga, na chumba kimoja kilikuwa kitupu. Mama angelala kwake, mkwe angelala kwake, nami ningekuwa katikati, natembea hatua hamsini kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Nilimpangia maneno kama ninavyopanga somo. Kliniki ya vidonda iko karibu. Mimi mwenyewe nitamfunga bendeji nikitoka kazini. Kidonda kikipona nitamrudisha. Alinisikiliza huku akilitazama jiko lake, ile nyumba ndogo ya udongo iliyo nyuma ya nyumba kubwa.

"Na moto?" aliuliza.

Hili nalo lazima nilieleze. Mama aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba nyumba ya mwanamke isipotoa moshi jioni, watu wana haki ya kuuliza ni nani aliyekufa. Tangu aolewe hakuna jioni iliyopita bila moto kuwaka kwenye mafiga yake. Alipokwenda kujifungua, mama mkwe wake alimwashia. Alipolazwa na malaria, jirani alimwashia. Haikuwa lazima kupika. Vijiti viwili vilitosha, moshi upenye kwenye nyasi za paa, boma lijulikane kuwa lina mwenyewe.

"Mama mdogo atakuwashia," nilisema.

Mama mdogo ni mke wa mdogo wake marehemu baba, na boma lake limepakana na letu. Alizaliwa upande wa Mumias, akaingia ukoo wetu na Kiswahili chake, na hajakiacha hata leo. Wawili hao wamevuna pamoja, wamezika pamoja, wamegombana kuhusu mbuzi na kupatana. Mama aliposikia jina lake alipumua, akakubali.

Siku tuliyoondoka mama mdogo alikuwa sokoni. Kuku tulikuwa tumeshampelekea. Nilifunga nyumba kubwa, nikalifunga na jiko kwa kufuli, ufunguo nikautia mkobani nikisema nitauleta Jumamosi. Jumamosi sikwenda. Iliyofuata sikwenda pia. Ningeweza kumpa mtu wa bodaboda aupeleke, ni safari fupi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpa, na jibu ni lile lile la aibu kila mara. Nilitaka jiko lile lipoe. Nilitaka mama asiwe na pa kurudi haraka.

Kwa sababu nilikuwa na furaha, ndugu msomaji, furaha ambayo siwezi kuificha hata sasa. Nilikuwa natoka Bukura nimechoka, vumbi la chakula cha kuku kwenye nywele, napita mlango wangu mwenyewe bila kuingia, nakwenda moja kwa moja kwenye ploti. Mama alikuwa anaketi kwenye kigoda mlangoni akichambua mrenda. Nilikuwa naketi chini, miguu nimeinyoosha, nampa habari za kutwa: mkuu wa idara kasema hivi, mwanafunzi fulani kachoma vifaranga kwa taa. Alikuwa ananipikia obusuma, ugali wa kwetu, kwenye meko ya gesi niliyomnunulia, akiinama kutazama ule mwali wa buluu kwa dharau. "Moto gani huu hauna moshi?" alikuwa anasema. Tangu nilipopelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na miwili sikuwahi kumpata mama kila siku. Bweni, chuo, kazi, ndoa. Maisha yangu yote nilimwona kwa vipande vya Jumapili, na sasa alikuwa mlangoni kila jioni kana kwamba mtu alinirudishia kitu nilichonyang'anywa.

Baada ya kula nilikuwa napiga magoti, nafungua bendeji, nasafisha, naweka shashi mpya. Na jua likianza kushuka nyuma ya mabati ya jirani, alikuwa ananiuliza swali moja.

"Moto umewashwa?"

"Umewashwa, mama."

"Asante."

Mara ya kwanza nilidanganya kwa sababu ufunguo ungepelekwa kesho yake. Mara ya pili, ya tatu, ulimi ulishazoea. Uongo wa kila jioni haumi kama uongo wa mara moja. Unakuwa kama kusalimiana.

Kidonda hakikupona. Mwezi wa kwanza ulipita, wa pili ukaingia. Usaha ulikwisha kwa dawa, ndiyo, lakini kingo zilibaki kijivu, hazisogei huku wala kule. Mama akaanza na mafua yasiyoisha. Pembe za midomo zikapasuka. Akakonda kidogo kwenye shingo, nami nikamwongezea mayai. Nilimpeleka kupimwa sukari, ikawa sawa. Wakaangalia kama damu inafika mguuni vizuri, inafika. Wakabadilisha dawa. Nilisoma majina ya dawa zile kwenye simu jioni nzima, nikawa nabishana na kila aliyevaa koti jeupe.

Muuguzi wa kliniki ya vidonda alikuwa kijana mpole mwenye mikono mizuri. Alinivumilia sana. Siku moja, akiwa anakigusa kidonda kwa pamba, alimuuliza mama bila kuinua kichwa, "Mama, unalalanga usiku?"

"Nalalanga vizuri sana, daktari."

"Na chakula, unakulanga ukashiba?"

"Huyu msichana wangu ananilishanga kama ng'ombe wa maonyesho."

Tulicheka wote watatu. Lakini nilimwona akimshika kifundo cha mkono, akihesabu mapigo, akimtazama chini ya macho. Tulipomaliza aliniomba nibaki nyuma kidogo.

"Mwalimu," alisema, "hii kidonda haina ubaya wowote. Imekaa tu hapo, kama mtu anangoja gari. Mama halali. Moyo wake unaenda mbio na ametulia kwa kiti. Kuna kitu inamsumbua?"

"Hakuna kitu," nilisema.

"Nyumbani kuko sawa?"

"Nimekwambia hakuna. Unataka kunifundisha habari za msongo? Nimezifundisha kabla hujavaa viatu."

Aliandika kwenye kitabu cha mama. Nilitoka pale nimefura, na nilibaki nimefura mpaka jioni. Nilimwambia mume wangu kwamba vijana wa siku hizi wakishindwa na kidonda wanasingizia mawazo. Mume wangu aliendelea kukoroga chai yake. Baadaye aliniuliza, taratibu, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole, "Yule mama, kwani alikuwa anapenda kuja?"

Nilimwambia anywe chai yake.

Waswahili husema mganga hajigangi, na mimi nilikuwa ushahidi unaotembea kati ya Shieywe na Bukura. Wiki ile ile nilisimama mbele ya darasa na kueleza kwa raha zangu zote kwamba mishipa ya fahamu haiishii kwenye misuli. Inaingia mpaka kwenye wengu, mpaka kwenye uboho wa mifupa, inawagusa askari mahali wanapozaliwa. Kwa hiyo hofu siyo hewa, nilisema, hofu ina njia yake ndani ya nyama na mtu akiwa na kisu kizuri anaweza kuifuata. Binti mmoja aliyeketi mbele aliinua mkono akauliza utajuaje kama kuku ana msongo ilhali anakula na kutaga kama kawaida. Nilimjibu kwamba kuna kuku wanaoficha, hasa wale wakubwa waliozoea kuongoza kundi. Nikaendelea na somo.

Mwisho wa mwezi ule kanisa la mama lilikuwa na sikukuu ya akina mama, naye alitaka kitambaa chake cheupe cha kichwani avae hata kama atasali mjini. Nikaenda Khwisero peke yangu kukichukua. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kizingitini. Sijui nilitegemea nini. Mlango wa jiko ulikuwa na kufuli langu, limeanza kushika kutu, na juu ya paa, pale moshi wa miaka zaidi ya hamsini ulipopaka nyasi rangi nyeusi, palikuwa pamepauka. Ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kupanda. Chini ya mti wa parachichi kuku wa mama walikuwa wamelala kivulini. Walikuwa wakitoroka kwa mama mdogo kila asubuhi na kurudi kwao.

Mama mdogo alinikuta nimesimama pale.

"Umekuja kufungua?" aliuliza.

"Nimekuja kuchukua kitambaa."

Alinitazama. Ni mwanamke mfupi, na akikutazama unajisikia mfupi zaidi yake. "Mwanangu, hiyo ufunguo ulisahau ama ulikataa?"

Nilisema nilisahau. Nikasema kazi nyingi. Nikaongeza, kwa sababu nilitaka anionee huruma, kwamba kila jioni mama ananiuliza na mimi namwambia moto umewashwa ili alale bila wasiwasi.

Mama mdogo alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Na yeye anasema nini?"

"Anasema asante."

"Wewe mtoto. Mama yako alinipigia simu hata mwezi haujaisha. Akaniuliza moto, nikamwambia ukweli, sasa nimdanganye mtu mzima? Nikamwambia jiko iko na kufuli na ufunguo uko na wewe. Nikamwambia watu wamekujanga hapa wawili, watatu, kuuliza kama amekufa. Akasema nisikuambie."

Nilihesabu majuma tangu simu hiyo. Yalikuwa sita, karibu saba. Jioni zote hizo aliniuliza akijua jibu, akanisikiliza nikimdanganya, akasema asante, akaingia ndani kulala na habari hiyo kifuani. Nilichukua kitambaa, nikasahau kuaga.

Nilimkuta kwenye kigoda chake, sahani ya mrenda magotini. Nilikaa chini pale pale pa siku zote. Sikuweza kutoa habari yoyote ya kutwa. Alichambua majani, alitupa vijiti kando, jua likaanza kushuka.

"Moto umewashwa?"

"Haujawashwa, mama," nilisema. "Haujawashwa hata siku moja."

Vidole vyake havikusimama. "Najua."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuwa nakupa nafasi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitaka anikaripie kama alivyonikaripia nilipovunja mtungi wake nikiwa mdogo. Nikamuuliza, sauti yangu imeshapanda, kwa nini hakusema tu kwamba anataka kwenda nyumbani. Ni nani angemfunga kamba? Kwa nini akae miezi yote akikonda mbele ya macho yangu?

Akaweka sahani chini. Alisema kwa lugha yetu, polepole, "Ulikuwa unaingia hapo mlangoni na ule uso wako wa siku za kufunga shule. Ule wa kushuka kwenye gari na sanduku kichwani. Nikasema, wacha nikae. Atashiba, halafu atanirudisha."

Sikushiba, ningemwambia. Ningekaa hapo chini ya miguu yake miaka kumi, bado nisingeshiba. Badala yake nilimuuliza kuhusu usiku, na kwa mara ya kwanza akanijibu kweli. Alisema jua likianza kushuka moyo wake hukimbia mpaka anausikia masikioni. Alikuwa analala kitandani anaona jiko lake jeusi, anaona watu wanapita barabarani wanatazama paa, wanasema yule mama ameisha. Alisema kuna usiku alianza kuamini kwamba wana haki. Alipokuwa anaamka mikono ilikuwa imekunjwa ngumi, na mguu unauma kuliko jana.

Basi mwewe alikuwa mimi. Nilikuwa nikimzunguka kila jioni na bendeji mkononi.

Tulirudi Khwisero siku ya pili yake. Muuguzi alituandikia barua ya dispensari ya huko, akaweka shashi na dawa zile zile kwenye mfuko. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu, akasema hata dada yake ni mwalimu, amezoea. Nikamuuliza kama kweli kidonda kinaweza kukaa miezi mitatu kwa sababu ya jiko. Alikuwa mwangalifu. Alisema mwili wa mzee hupona polepole hata bila huzuni, na hawezi kuapa. Alisema tu kwamba mtu anayelala hupona vizuri kuliko anayekesha, na kwamba homoni za hofu zikikaa sana kwenye damu, askari wanaotakiwa kusafisha kidonda na kukijenga hufika wachache, tena wamechelewa. Yote hayo niliyajua. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nadhani hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kufuli lilikataa. Mama mdogo alileta mafuta ya kupikia tukalitia, likafunguka kwa shida. Mama aliingia jikoni peke yake, nasi tukabaki nje. Tulimsikia akipuliza, akikohoa, akizungumza na kuni. Moshi ulipotoka kwenye nyasi, mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo kichwani alisimama akaita, "Mulembe, mama! Kumbe uko?"

"Niko!" mama alijibu kutoka ndani, kwa sauti ile anayotumia kwa kaka yangu wa ng'ambo.

Sitasema kwamba moto ulikifunga kidonda. Mimi ni mtu wa sayansi, hata kama ni sayansi ya kuku, na najua hadithi nzuri inavyoweza kumpotosha mtu. Dawa hazikubadilika. Mama mdogo alimsafisha kila siku ya pili kwa mkono mzito kuliko wangu. Ninachokijua ni kwamba wiki ya kwanza alilala mpaka jua likawaka, jambo ambalo mama mdogo alinipigia simu kulieleza kama habari ya harusi. Mafua yakaisha. Wiki ya tatu nyama nyekundu ikaanza kuota katikati ya kidonda, na kingo zile za kijivu zikasogea. Nilikuwa nahesabu kutoka mbali, kwa simu, nikimuuliza upana kwa vidole: vitatu, viwili, kimoja na nusu.

Chumba cha ploti alikichukua mtu mwingine, kinyozi. Kila nikitoka kazini, miguu ilikuwa inanipeleka kule kabla sijakumbuka, na mara mbili nilifika mlangoni kabisa. Mume wangu sasa anaingilia mlango wa mbele bila hofu ya kukutana na mkwewe. Anajaribu kunichekesha. Ananiuliza habari za kutwa, na mimi namwambia, lakini siyo zile; zile ndogo za kipuuzi zinabaki kifuani kwa sababu hakuna mwenye kigoda kifupi hivyo cha kuzipokea.

Mahindi yalipokuwa yanakauka shambani nilikwenda, Jumapili yangu ya pili kama zamani. Nilikuwa nimebeba mfuko wa shashi mpya, bendeji, na ile dawa ya kusafishia. Mama alikuwa ameketi nje, kwenye jua. Nilipiga magoti mbele yake, nikanyoosha mkono kufungua kitambaa, na hapakuwa na kitambaa.

"Angalia," alisema.

Palikuwa na ngozi mpya, laini, inang'aa, rangi ya waridi ikianza kuwa ya kahawia. Nilipitisha kidole gumba pale juu. Hakushtuka, hapakuuma. Akaniambia hizo shashi nizirudishe mjini, wako watu wanaozihitaji.

Nilifurahi. Nataka niaminiwe nikisema hivyo, maana nilikuwa nimemwomba Mungu jambo hilo tangu palizi. Lakini nikiwa pale chini, mfuko umelala kando yangu, nilitamani kitu ambacho mtoto hapaswi kumtamania mama yake. Nilitamani pangebaki mahali pamoja pamefunguka, padogo tu, upana wa ukucha, ili kesho nije tena.

Mama aliuona uso wangu. Sijui aliona nini. Alijisogeza kwenye kigoda, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka mapajani mwangu. Nikaushika, mguu mzima, usiohitaji chochote kutoka kwangu.